Cibalonza Anapima Hewa

Wateja wengi wa garage ya Papa Zihindula, pale Majengo mjini Goma, hufika wakiwa wamekwisha kuujua ugonjwa wa gari lao. Wanachotafuta ni mtu wa kuwakubalia. Ndiyo sababu, wakimwona fundi Jeanine Cibalonza akija na kidaftari mkononi badala ya spana, wengi hukunja uso kabla hajafungua kinywa.

Ana miaka thelathini na minne. Ni mfupi, mabega yake ni ya mtu aliyebeba maji utotoni, na nywele huzifunga kwa kipande cha kitenge ambacho ikifika jioni hakijulikani tena kilikuwa cha rangi gani. Alizaliwa Bukavu. Baba yake, muzee Buhendwa, alikuwa karani wa daftari la vizazi, na alipohamishiwa Goma alikuja na watoto watano, magodoro mawili na kalamu zake. Muzee alitaka binti asome ukarani. Binti akachagua ufundi wa magari, darasa la wavulana ishirini na sita na yeye mmoja. Baba hakugomba. Alimpa neno moja tu: "Kila kitu utakachogusa, kwanza kiandike vile ulikikuta."

Neno hilo lilimkaa moyoni, lakini kwa miaka mingi hakulitumia. Garage ile ilikuwa ya masikio. Papa Zihindula aliwasha injini, akainamisha kichwa, akafumba macho, na alichosema ndicho kilichokuwa. Na mara nyingi alisema kweli, hilo lazima likubaliwe. Kuna madereva Goma nzima ambao hawanunui gari kabla yeye hajalisikiliza.

Ila mwaka juzi Hilaire, mwenye minibasi la abiria, alikuja na bomba kubwa la kuvutia hewa ambalo si la kiwanda kilicholitengeneza gari. Alitaka lifungwe upesi. Papa Zihindula akafunga, akasikiliza, akasema, "Inaimba." Cibalonza alitaka kuunganisha ile mashine ndogo ya kusomea namba za injini, ambayo mafundi wa mjini huiita valise. Papa akamwambia, "Acha, mutoto. Mutu iko na haraka." Akaacha. Siku nne baadaye, kule juu Kibumba, pistoni ikatoboka kwa joto. Hilaire hakumlaumu mtu. Cibalonza alijilaumu mwenyewe, kwa sababu alikuwa na swali mdomoni akalimeza.

Tangu hapo alikata shauri. Gari lolote linalobadilishiwa njia ya hewa halitatoka mikononi mwake bila namba za kabla na namba za baada. Papa Zihindula alimkubalia, kwa kucheka.

Basi Jumanne moja ya kiangazi, majira ambayo vumbi jeusi la barabara ya kaskazini huingia mpaka ndani ya chumvi, alifika Védaste Nsanzimana wa Kiwanja. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amebeba watu kwa pikipiki kati ya Kiwanja na Rutshuru. Sasa yeye na mke wake, Emerance, walikuwa na minibasi la esansi, yaani petroli, na walileta Goma abiria na magunia ya maharagwe. Vumbi la lava lilikuwa likiziba filtre yao, chujio la hewa la karatasi, kila juma. Kwa hiyo aliagiza Kampala kifaa kipya: bomba refu jeusi linalopanda kando ya kioo cha mbele hadi juu ya paa, lipate kuvuta hewa iliyo juu ya vumbi, pamoja na filtre nyekundu yenye umbo la pia ya kuchezea watoto. Aliingia na boksi kifuani kama baba anayetoka hospitali na mtoto wa kwanza.

"Dada, munifungie hii leo," akasema. "Kesho saa sita batu banangojea ku parking. Lazima nipande Kiwanja."

Cibalonza alikuwa amekwisha kuinama chini ya usukani, akiunganisha waya wa valise.

"Sasa unafanya nini? Ile gari haigonjwe!"

"Ndiyo juu yake ninaipima sasa, papa. Kesho ikigonjwa, tutajua ilikuwa namna gani ikiwa muzima."

Papa Zihindula alicheka kutoka kwenye kigoda chake. "Muache, mukubwa. Huyu mama yetu haamini hata jua mpaka iandikwe ku cahier."

Namba alizozitafuta zilikuwa mbili. Ya kwanza hutoka kwenye debimètre, kidude chenye uzi mwembamba wa moto, kinachokaa ndani ya njia ya hewa. Hewa ikipita huupoza ule uzi, na kwa kupoa huko kompyuta ya gari hujua gramu ngapi zimeingia, ikamimina esansi ya kutosha hewa hiyo. Namba ya pili ni sahihisho. Kompyuta hunusa moshi unaotoka. Ikiona esansi imepungua huongeza kwa asilimia fulani, ikiona imezidi hupunguza. Sahihisho la mbili, tatu, hata tano, ni mazungumzo ya kawaida ya nyumba yenye amani. Likipita kumi, kuna mmoja ndani ya nyumba anayesema uwongo.

Aliandika. Injini ya moto, imetulia: gramu tatu na nusu kwa sekunde, sahihisho mbili juu. Mizunguko elfu mbili na mia tano: gramu kumi na tatu, sahihisho tatu. Ndipo alipoishika spana.

Kazi iliwachukua hadi alasiri. Bomba jipya alilipima upana mara mbili pale debimètre inapokaa, maana likiwa pana kuliko la zamani, hewa hupita taratibu mbele ya uzi na hesabu yote huharibika. Lilikuwa sawa. Alipowasha na kusoma tena, namba zilikuwa karibu zile zile; sahihisho lilifika nne, likatulia hapo.

Nsanzimana alizunguka gari lake mara tatu, akilitazama lile bomba lililosimama kando ya kioo.

"Leo iko muzuri," Cibalonza akamwambia, "lakini sijaisaini. Kesho saa mbili unairudisha, tunapandisha nayo Kibati na mizigo. Moteur inasema kweli ku kilima."

"Dada, wewe ni mukali kuliko askari wa barrière."

"Barrière inaangalia karatasi yako, papa. Mimi ninaangalia pistoni."

Akaondoka akicheka, akaenda kulala Ndosho kwa shemeji yake, ambako Emerance alikuwa akimngojea.

Asubuhi alirudi kwa wakati, na hilo peke yake lilikuwa la kushangaza. Walipakia mifuko kumi ya changarawe mahali pa abiria, wakatoka mjini, wakapita Munigi, wakaanza kupanda. Nsanzimana aliendesha akiwa ametabasamu masikio kwa masikio. Cibalonza alikaa kando yake, valise magotini.

"Unasikia ile nguvu?" akauliza Nsanzimana.

Cibalonza aliinamia valise. Kwenye kioo chake kidogo sahihisho lilikuwa limefika kumi na mbili. Gari likakaza mwendo kwenye mwinuko mkali, sahihisho likapanda hadi kumi na saba. Karibu na Kibati likasimama penye namba ambayo Cibalonza aliisoma kwa sauti, kwa Kifaransa, kama daktari.

"Plus vingt-trois. Geuza, papa. Turudi."

"Turudi wapi? Moteur inavuta kama ng'ombe ya Masisi!"

"Inavuta, ndiyo. Lakini esansi haitoshe, na inapata moto. Geuza."

Ishirini na tatu. Njia nzima ya kurudi Cibalonza alikuwa akiitazama ile namba. Jana kila kitu kilikuwa sawa. Mikono iliyofunga ilikuwa yake. Kama kuna kosa, nani mwingine angelifanya?

Walipofika garage, Papa Zihindula alifungua boneti. Akainama, akafumba macho. Waliokuwepo wakanyamaza, kwa heshima. Injini ilinguruma laini, bila kukohoa, bila kugonga.

"Inaimba," akasema.

"Papa, ku kilima imefika vingt-trois."

"Basi ni collier moja imelegea, hewa inaingia kwa wizi. Tukaze, aende."

Wakakaza vifungo vyote vya bomba. Papa mwenyewe akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, kwa kuwa penye tundu povu humezwa ndani. Hakuna povu lililomezwa. Cibalonza akasoma tena: namba hazikuteremka hata kidogo.

Nsanzimana alitazama saa ya simu. "Saa tatu na nusu. Batu banaanza kuniita."

Papa Zihindula alimvuta Cibalonza pembeni, na sauti yake haikuwa ya kucheka tena.

"Mama, sikia. Povu haina kitu. Moteur haina kitu. Mashine yako ndiyo iko na kitu. Hii gari ikipita saa sita hapa ndani, valise inaingia ku kabati, na funguo ya kabati ninabakia nayo mimi. Wewe utarudi ku pneu, kuziba magurudumu. Unanisikia?"

"Ninakusikia, papa."

"Sasa uiachilie."

"Hapana."

Alilitamka polepole, bila kupandisha sauti. Akarudi kwenye gari, akafungua kidaftari juu ya bawa la mbele, akaandika namba za asubuhi chini ya namba za jana.

Gari limetulia: sahihisho tisa. Mizunguko elfu mbili na mia tano: kumi na saba. Kilimani: ishirini na tatu.

Akazitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesikiliza ndugu watatu wakisimulia ugomvi mmoja. Kama hewa ingekuwa inaiba njia kupitia tundu, ingeonekana zaidi injini ikiwa imetulia, kwa kuwa hewa inayoitwa ni kidogo na ya wizi ni sehemu kubwa. Kasi ikiongezeka, ya wizi hupotea ndani ya ile nyingi, na sahihisho hushuka. Hapa lilikuwa linapanda. Kadiri injini ilivyovuta hewa nyingi, ndivyo uwongo ulivyokua. Akatazama gramu: jana kumi na tatu, leo kumi na moja na nusu. Injini ile ile, mizunguko ile ile.

"Hakuna tundu," akasema. "Hewa yote inaingia kwa mulango. Anayeihesabu ndiye anapunguza."

"Nani?" akauliza Nsanzimana.

"Debimètre. Ni kama mupishi wanamwambia wageni ni watano, kumbe wako saba. Anapika ya watano. Huko jikoni yeye haone kitu. Ni mezani ndiyo batu banagombana."

Akafungua skrubu mbili, akachomoa kile kidude, akakigeuzia jua. Uzi uliopaswa kung'aa kama unywele wa mvi ulikuwa umevikwa ngozi ya kahawia, na juu ya ngozi hiyo vumbi jeusi lilikuwa limeganda. Akanusa. Kisha akafungua mahali pa filtre. Ile filtre nyekundu ilikuwa nzito, inang'aa. Alipoibonyeza, kidole kilitoka kimelowa oili.

"Papa Nsanzimana. Nani aligusa hii filtre?"

Nsanzimana aliangalia bomba lake, akaangalia angani. Wakati huo huo pikipiki ilisimama mlangoni, Emerance akashuka na furushi la magunia matupu, tayari kwa safari. Alilisikia swali kabla hajalitua lile furushi.

"Uniulize mimi, mama! Jana jioni aliifungua, akaileta jikoni kwa dada yangu, akaiweka ndani ya sahani ya mboga ya sombe, akaimwangia huile ya moteur. Akaipapasa, akaigeuza, akaipapasa tena. Mimi sijapapaswa vile tangu ndoa!"

Garage nzima ikaangua kicheko. Hata Papa Zihindula alilazimika kugeuka upande wa ukuta. Nsanzimana alisimama wima, amevunjiwa heshima lakini hajashindwa.

"Munacheka nini? Pikipiki yangu miaka onze! Kila Jumapili, nikitoka misa, ninatoa éponge ya filtre, ninaipaka huile, vumbi inanasa pale pale. Haikukufa hata siku moja. Kiwanja yote tunafanya vile. Sasa filtre ya Kampala nitaiachaje yabisi na ile barabara ya mavumbi?"

Cibalonza hakucheka. Aliona jinsi mtu yule alivyoshika ile filtre yenye oili kwa mikono miwili, na akajua kuwa halikuwa kosa la uvivu. Lilikuwa kosa la mapenzi, lililofanywa kwa uangalifu wote wa mtu ambaye miaka kumi na mmoja chombo chake hakikumwangusha.

"Ku pikipiki ulifanya muzuri," akamwambia. "Éponge ya pikipiki inataka huile, na mule ndani hakuna uzi wa kuchafuka. Hii ni ya kuvaliwa yabisi. Ukiipaka, gari inavuta ile huile mpaka ku debimètre, uzi unavaa koti, hausikie tena baridi ya hewa. Nusu ya kosa ni yangu. Nilikufungia, sikukuambia."

Nsanzimana alishusha mabega.

"Basi tupanguse," akasema Papa Zihindula, akachomoa kitambaa mfukoni, akanyoosha mkono kuelekea ule uzi.

Cibalonza alimshika kiganja. Miaka tisa alifanya kazi chini ya mkono ule, hakuwahi kuuzuia.

"Hapana, papa. Ukiugusa unakatika."

Mzee aliutazama mkono wake ndani ya mkono wa mwanamke yule. Wale waliokuwa wakicheka wakaacha. Halafu akakirudisha kitambaa mfukoni.

Cibalonza alichukua kopo la dawa ya kupulizia, ile inayokauka bila kuacha alama, akapuliza kutoka mbali mara sita, mara nane, mpaka matone yaliyodondoka yakawa safi. Akakiweka kidude juu ya karatasi, juani. Saa nne na nusu.

"Sasa tunafunga?" akauliza Nsanzimana.

"Inakauka kwanza. Robo saa."

"Dada, niko ninakuomba."

"Robo saa, papa. Uzi ule ukipata moto na dawa iko mubichi, tutatafuta debimètre ingine Goma yote, na wewe utalala hapa."

Filtre nyekundu ilikuwa shida nyingine. Ilihitaji kuoshwa kwa sabuni na kuanikwa kutwa nzima. Cibalonza hakubishana na jua. Alitoa rafuni boksi la filtre aliloling'oa jana, akatia filtre mpya ya karatasi, akairudisha njia ya hewa ya kwanza kama alivyoikuta. Lile bomba refu lililopanda hadi paani likabaki nje, limefungwa vizuri, linang'aa, halivuti chochote.

Emerance aliliangalia akiwa ameshika kiuno. "Ni muzuri. Ni kama cravate ku shingo ya mutu asiye na shati."

"Emerance, niache," akasema mume wake, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Saa tano kasoro dakika tano walikuwa tayari. Cibalonza alipoingia mbele na valise, alikuta mlango wa nyuma unafunguliwa. Papa Zihindula akapanda, akakaa juu ya mfuko wa changarawe.

"Twende," akasema. "Na mimi ninataka kusikia."

Wakapita Munigi. Wakaanza kilima. Cibalonza alisoma kwa sauti, bila kuinua macho: mbili, tatu, tatu, nne. Nyuma yake mzee alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama, kiganja kimewekwa kwenye ubavu wa gari. Kwenye mwinuko ule mkali sahihisho liligusa tano, likasita, likarudi nne. Likakaa hapo mpaka Kibati, likakaa hapo walipopita Kibati. Gramu zilikuwa zimerudi zote.

"Simama pale pembeni," akasema.

Akafungua kidaftari, akaandika, akaweka saini yake chini. Akang'oa nakala, akampa Nsanzimana.

"Sasa unaweza kupakia batu. Filtre utaikuta yabisi ukirudi. Usiipake kitu. Hata mafuta ya baraka."

Nsanzimana alikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya leseni yake.

Lakini Papa Zihindula alikuwa hajafumbua macho. Injini ilinguruma chini yao, laini, bila kukohoa. Akasema, kama mtu anayeongea na mwenzake wa zamani:

"Asubuhi niliisikiliza ikiwa mugonjwa. Sasa ninaisikiliza ikiwa muzima. Sauti ni moja." Akapangusa uso kwa kiganja. "Cibalonza, sauti ni ile ile moja. Hakuna kitu ninasikia."

Lori la makaa liliwapita, likawamwagia vumbi, wakafunga madirisha, wakangoja litue.

"Lete ile," akasema Papa Zihindula.

Cibalonza akampa valise juu ya bega la kiti. Mzee aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali tena.

"Ninaangalia wapi?"

"Mustari wa tatu, papa. Penye wameandika correction."

"Wanaandika kidogo sana, kama wako wanafichia mutu." Akakunja macho. "Bon. Mukubwa, geuza gari. Polepole, nisipoteze mustari."

Nsanzimana akageuza. Wakaanza kushuka kuelekea mjini, na kule nyuma, juu ya mfuko wa changarawe, mzee akaanza kusoma namba moja moja kwa sauti kubwa, akikosea na kujirudi, na Cibalonza akimsahihisha bila kugeuza shingo, mpaka wakafika Majengo.